Siku 30 za kungoja mayai ya chatu

Siku Shanga, chatu wangu jike, alipojivua gamba kwa mara ya mwisho kabla ya kutaga, niliandika tarehe kwenye kipande cha karatasi nikakibandika ubavuni mwa tangi lake. Kama unafuga chatu wa aina ya Python regius, yule mdogo anayejikunja kama mpira akiogopa, na unahisi ana mayai tumboni, tarehe hiyo ishike. Kuanzia hapo mayai hutoka baada ya siku 30 hivi. Wengine hutangulia kidogo, wengine huchelewa. Shanga alitaga siku ya 31.

Dalili zilikuwa zimetangulia, mimi ndiye sikuzielewa. Wiki mbili tatu kabla ya kujivua gamba, katikati ya mwili wake palivimba ghafla utadhani amemeza kitu kikubwa, na kesho yake uvimbe ukawa umeshuka. Nilidhani amefunga choo, kumbe mayai yalikuwa yamepevuka. Baadaye akasusa chakula. Akaanza kulala ubavu, na siku nyingine tumbo juu kabisa. Nilipomkuta hivyo moyo ulinipasuka, nikamgeuza kwa mkono. Usimgeuze. Chatu mwenye mayai hulala namna hiyo, na akitaka kugeuka atageuka mwenyewe. Wala usimlazimishe kula. Kama unalisha panya hai, usimwachie panya humo usiku kucha kwa matumaini kwamba njaa itamshinda, maana panya naye ana meno na nyoka asiye na hamu ya kula anaweza kung'atwa vibaya.

Kosa lililoniuma zaidi ni la mikono yangu. Kila jioni nilimtoa, nikampapasa tumbo, nikahesabu vinundu. Ilipofika wiki ya pili akawa hatulii. Anazunguka tangi zima, anasukuma kifuniko kwa pua, mpaka magamba ya puani yakachubuka. Nilikuwa namhangaisha kwa jina la mapenzi. Nilipoacha kumgusa kabisa, siku ya tatu alitulia. Ndiyo maana nasisitiza: kila kitu kiandaliwe mapema, kisha mikono ikae mbali.

Cha kuandaa kwanza ni kiota. Kasha la plastiki lenye mfuniko linatosha, lisiwe kubwa mno; akijikunja ndani, mwili wake uguse kuta, kwa sababu nyoka hujiona salama akibanwa. Toboa mlango ubavuni, laini kingo zake zisimkwaruze. Ndani weka makumbi ya nazi yaliyolowanishwa, na kipimo chake ni hiki: ukiyafinya kwa kiganja yashikane bila kudondosha maji. Liweke upande wenye joto la nyuzi 31 au 32, upande wa pili ubaki kama 26 ili achague mwenyewe. Mkeka wa joto usiwake bila themostati, kifaa kinachodhibiti joto lisizidi, hata kwa siku moja. Halafu toa bakuli kubwa la maji, uweke dogo asiloweza kuingia. Nyoka asiye na kiota anachokiamini anaweza kutaga majini, na yai likikaa humo kiinitete hufa kwa kukosa hewa.

Kuna jambo jingine la kufanya kabla ya siku yenyewe: mtafute daktari wa wanyama anayejua kutibu nyoka. Si kila daktari wa mifugo anakubali kumshika, na si jambo la kugundua saa nane za usiku.

Shanga alitaga usiku. Asubuhi nilimkuta amejizungusha juu ya mayai matano, meupe, yameshikana kama kichala. Ila alikuwa hajalegea. Chatu aliyemaliza kutaga hubonyea, ngozi ya ubavuni hufanya mikunjo, naye hutulia juu ya mayai yake. Huyu karibu na mkia palibaki nundu moja, na kila baada ya muda alikuwa anajikamua. Kufika jioni akayaacha mayai akaanza kuzunguka. Hapo ndipo mikono hutamani kusaidia, na hapo ndipo wengi huua. Usilifinye yai kulisukuma nje, maana mrija wa mayai unaweza kuchanika. Usingoje siku nyingi pia. Mimi nilimpeleka kesho yake; daktari akalifyonza yai kwa sindano, likanywea, na siku iliyofuata alilitoa mwenyewe. Hatari hii huwaandama zaidi majike wadogo au waliodhoofu, na ndiyo sababu wafugaji wengi hungoja jike afikishe gramu 1,500 kabla ya kumpandisha.

Mayai yaliyoshikana usiyabandue. Usiyageuze pia, kwa kuwa ndani ya siku moja hivi kiinitete hujishikiza, na yai la nyoka si kama la kuku. Weka alama ya penseli juu ya kila moja ili ujue upande. Ukimulika kwa tochi chumba kikiwa na giza, lenye uhai litaonyesha mishipa myekundu. La tano lilikuwa dogo na la manjano, halikurutubishwa.

Mama anaweza kuyaatamia mwenyewe, na ni jambo zuri kulitazama, lakini kwa miezi miwili hivi atakuwa hali. Shanga alikuwa ametoka kwenye sindano, mbavu zinahesabika. Nikaamua kuyachukua. Nilimfunika kichwa kwa kitambaa, nikamkunjua taratibu kuanzia mkiani, nikayaweka mayai kwenye kiatamizi cha nyuzi 31.5, juu ya vamikulaiti, chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu, iliyochanganywa na maji ya uzito sawa nayo. Matone ya mfuniko yasiyadondokee.

Kisha nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na kubadilisha matandiko yote. Harufu ya mayai ikibaki, ataendelea kuatamia hewa na kukataa chakula. Alikula siku ya tisa, kipanya kidogo kuliko saizi aliyozoea. Kabla ya mayai alikuwa na gramu 1,720, na sasa mizani ilisoma 1,150.

Yai la kwanza lilichanika siku ya 57. Vichwa vilichungulia zaidi ya siku nzima bila kutoka, nami nikaviacha, kwa kuwa watoto bado walikuwa wanamalizia kiini. Wote wanne walitoka salama. Shanga alirudia gramu 1,600 baada ya miezi saba, na msimu uliofuata sikumweka na dume.