Kinanda cha mabomba au cha umeme: kwa nini wapigaji hawakubaliani?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Napiga kinanda parokiani hapa Igoma, Mwanza, huu mwaka wa sita. Mwenzangu aliyesomea Ujerumani anasema kinanda cha umeme, hata kiwe ghali vipi, hakifikii cha mabomba. Ni kweli, au ni mazoea tu?

Jibu: Marahaba. Mazoea yamo, tena mengi, lakini yanakaa vidoleni. Kwenye vinanda vingi vya mabomba kitufe huunganishwa na vali ya upepo kwa vijiti vyembamba vya mbao. Ukibonyeza, kidole hukutana na ugumu kidogo, kisha vali huachia ghafla na bomba likalia. Aliyefundwa hivyo akigusa kitufe chenye springi peke yake huona kama anabonyeza hewa. Wewe uliyeanzia kwenye kibodi laini, cha mabomba kitakuchosha vidole siku hiyo hiyo.

Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni spika. Noti ya chini kabisa ya pedali, yaani vitufe vya miguuni, kwenye sauti ya futi 16 (jina latokana na urefu wa bomba), hutetema karibu mara 33 kwa sekunde. Bomba lake lililo wazi hufika karibu mita 5. Spika ndogo iliyotundikwa juu ukutani haiwezi kazi hiyo, na mpigaji hukilaumu kinanda. Kanisa moja nilishusha spika ya besi kutoka juu nikaiweka sakafuni, kwenye kona. Mpigaji wao alikuwa ameshaomba kinanda kiuzwe. Alipiga wimbo mmoja, akarudia beti la mwisho mara mbili, habari ya kuuza ikaishia hapo.

Mabomba nayo yana shida yake, hasa kwetu ziwani chini ya mapaa ya bati. Joto likipanda nyuzi 6 toka misa ya kwanza hadi ya mchana, sauti ya mabomba ya kawaida hupanda karibu sehemu ya tano ya nusu toni, ila ya yale yenye ulimi, kibati chembamba kinachotetema ndani, hubaki karibu palepale. Yakilia pamoja, sikio linaumia. Kwa kuongoza waumini Mwanza, mimi nachagua umeme wenye spika nzuri. Kwa muziki wa taratibu nayatamani mabomba, maana kila noti hutoka mahali pake.

Mwombe mwenzako apige, nawe ukae benchi la nyuma kabisa, kiganja juu ya ubao wa benchi, usikie mtetemo. Ashike Do ya chini ya pedali sekunde kumi. Kisha mbadilishane.