Cheti cha Marekani ama kiti kando ya mhasibu?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi kutoka kwa watu wanaoandikia mashirika proposali, yaani maombi ya ruzuku kwa madona, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, ati mtu anakuaje kwa hii kazi na hakuna chuo kinaifundisha vizuri na bosi mwenyewe anafikiria ni kazi ya kuandika Kiingereza kizuri tu. Nimechagua nne. Zingine zitangoja.

Mwalimu habari. Nafanya na shirika dogo huku Mathare, tunasaidia wasichana waliotoka shule juu ya mimba warudi darasani. Barua yangu ya kazi inasema afisa wa programu lakini proposali zote ni mimi naandika, miaka mitatu sasa. Zingine tunapata zingine hapana na nikikosa sijui nimekosea wapi, dona anatuma tu ile barua ya tunasikitika. Rafiki yangu ameniambia kuna cheti cha Marekani kinaitwa GPC. Bosi amesema shirika halina pesa ya kunilipia. Nichukue loan ya sacco? Nimekutumia kurasa mbili za proposali iliyokataliwa uone. – Msomaji, Kayole

Dadangu, hiyo loan ya sacco wacha kwanza ikae.

GPC ni cheti cha kweli, si utapeli. Kuna taasisi ya Marekani inawatahini watu wa kuandika na kusimamia ruzuku, unafanya mtihani, na ukipita cheti kinahuishwa kila baada ya miaka 3. Shida ni kwamba mtihani umetungwa kwa watu wanaofanya kazi kule, na mambo mengi ni ya mazingira yao. Kuna kingine kinaitwa CFRE, hicho kinajulikana nchi nyingi zaidi, lakini kinahusu uchangishaji wote, si proposali peke yake. Vyote viwili vinataka uzoefu uliothibitishwa kabla hata hujakaribia chumba cha mtihani, kwa hivyo soma masharti vizuri kabla ya kutoa hata shilingi. Mimi maoni yangu, matangazo ya kazi ninayoyaona hapa Nairobi yanauliza umewahi kuandikia madona gani na ulifanya nini hasa, cheti ni nyongeza tu. Ukipata mtu wa kukulipia, nenda. Kwa loan, hapana.

Sasa tuje kwa kurasa zako juu hapo ndipo kuna masomo ya bure. Ukurasa wa kwanza umeandika wasichana 40 watakutana na mshauri mara mbili kwa mwezi, mwaka mzima. Hivyo ni vikao 24. Halafu kwa bajeti, laini ya nauli inasema wasichana 40, vikao 12, shilingi 100 kila mmoja, jumla 48,000. Hiyo nusu ingine ya mwaka watatembea? Hesabu yenyewe inafaa kuwa 96,000. Sijui kama ni hii imekuangusha, lakini mtu anayepima proposali akiona maneno na bajeti haviongei anaanza kusoma kila kitu kwa jicho lingine, anajiuliza kama hata hao wasichana 40 wapo. Na najua vile ilitokea, kwa sababu inatokea ofisi karibu zote: wewe uliandika maneno, mtu wa akaunti akatengeneza bajeti kwa kukopi ya mwaka jana, mkaunganisha saa tano usiku siku ya dedilaini na mkatuma.

Kwa hivyo kozi yako ya kwanza ni kuvuta kiti ukae kando ya mhasibu wenu. Si siku ya dedilaini, siku ya kawaida, mwisho wa mwezi akifunga vitabu. Muulize ni laini gani kila mwaka inaisha mapema na gani inabaki na pesa. Muulize auditor aliuliza nini mara ya mwisho. Muulize kodi ya ofisi na stima inalipwa na nini, na utashangaa kujua ni ovahedi (pesa ya kuendesha ofisi) ya dona mmoja ambaye mradi wake unaisha hivi karibuni na hakuna mtu alikuambia. Huwezi jua hizi vitu kwa kusoma onlaini.

Kitu cha pili. Umeandika "wasichana wengi Kenya wanapata mimba wakiwa wadogo" halafu ukaweka ile takwimu ya utafiti wa afya wa mwaka 2022, KDHS, kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kuwa na mimba. Takwimu ni sawa na chanzo ni kizuri. Lakini utafiti huohuo unaonyesha Samburu ni kama nusu ya wasichana, sasa msomaji mwenye akili atakuuliza, kama shida ni kubwa hivyo huko, kwa nini pesa ije Mathare? Takwimu ya nchi nzima haikujibii hilo. Kinachokujibia ni rejista yenu. Mko na daftari la wasichana waliokuja, waliorudi shule, waliotoka tena na kwa nini. Hiyo KNBS, watu wa takwimu wa serikali, hawana, Samburu hawana, ni ninyi tu mko nayo na hamjaitumia hata mara moja kwa kurasa mbili! Ongeza na mpango wa maendeleo wa kaunti, ule CIDP wa 2023 hadi 2027, uonyeshe kaunti yenyewe imesema nini kuhusu elimu na wapi imeacha pengo, halafu weka nambari zenu.

Na ile barua ya tunasikitika, ijibu. Watu wengi hawajui unaweza. Andika mistari mitatu, washukuru, uliza kama kuna maoni ya waliopima, basi. Madona wengine hawatajibu na hiyo ni sawa, lakini Umoja wa Ulaya kwa mfano hupima kwa pointi kwa kila sehemu, na ukijua ulipoteza pointi wapi umepata somo kuliko semina ya hoteli. Kozi za bure ziko pia, Kaya na DisasterReady ziko onlaini na zinatoa vyeti, za kusimamia miradi, bajeti na M&E (kufuatilia na kutathmini mradi). Nakushauri uanze na ya fedha. Ya kuandika unaweza kuiruka, Kiingereza chako ni kizuri kuliko cha wengi.

Mwalimu mimi ni kijana wa Githurai, naandikia mashirika madogo proposali kwa nyumba. Mzee mmoja mwenye CBO, kikundi cha jamii, amesema hana pesa sai lakini tukipata ruzuku atanipa asilimia kumi. Ni ya milioni nne, hesabu mwenyewe. Kuna ubaya? – Kijana wa laptopu

Nimehesabu, ni laki nne. Na jibu ni kataa.

Najua inauma. Ila chama cha watu wa ruzuku cha Marekani, GPA, na kile cha wachangishaji, AFP, vyote vimekataza wanachama wao kulipwa kwa asilimia, na sababu si kujifanya watakatifu. Hebu fikiria hiyo laki nne itatoka wapi. Dona amekubali bajeti yenye laini zake, mafunzo, vifaa, mishahara, na hakuna laini imeandikwa "kijana wa laptopu". Mzee atalazimika kuitoa kwa laini ingine na kuificha, na auditor akija jina lako liko kwa M-Pesa. Kazi yako pia ulifanya kabla mkataba haujasainiwa, na pesa nyingi za ruzuku haziruhusiwi kulipia kitu kilichofanyika kabla ya tarehe ya kuanza. Halafu na wewe mwenyewe, ukiwa unalipwa asilimia utaanza kuongeza nambari ili keki iwe kubwa, usikatae.

Taja bei ya kazi. Gawanya kwa hatua, kusoma mwito (tangazo la dona la kuita maombi) na kusema kama wanafaa kabisa ni bei yake (na mara nyingi hii ndiyo kazi ya maana zaidi, kumwambia mzee hii si yenu msipoteze wakati), rasimu bei yake, kumaliza na kutuma bei yake. Chukua kitu kabla ya kuanza. Kama hana kabisa, andika ya kwanza bure kwa hiari yako, mwandikiane kwamba ni bure, na akupe barua ya kukutambulisha. Bure ni safi kuliko asilimia.

Na kwa vile unataka kufanya hii kama biashara, toa invoisi za eTIMS, ule mfumo wa KRA, mamlaka ya kodi, tangu Januari 2024 mashirika hayataki risiti ya kawaida tena. Ukilipwa 24,000 au zaidi kwa mwezi kama mshauri watakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka KRA, usigombane na mhasibu wao, dai cheti chake utumie ukijaza ritani.

Mimi nilikuwa kwa shirika kubwa la afya, miaka mingi naandika za USAID, lile shirika la misaada la Marekani, peke yake. Tulisimamishwa Januari 2025 na sijarudi kazini vizuri mpaka leo. Nikituma maombi wanasema uzoefu wangu ni wa dona mmoja. Nianze upya kama intani? – Mama wawili, South B

Pole sana mama. Wengi Nairobi wako mahali ulipo. Ile amri ya Rais Trump ya tarehe 20 Januari ilisimamisha pesa za misaada siku 90, halafu Julai mosi USAID yenyewe ikamezwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani, na Uingereza nao wametangaza misaada yao itashuka hadi asilimia 0.3 ya pato lao ifikapo 2027. Kwa hivyo si wewe umeharibu kitu.

Intani hapana, usijishushe hivyo. Mtu aliyejaza fomu za USAID, na logfremu zake (jedwali la malengo na viashiria vya mradi) na viambatisho visivyoisha, ana nidhamu ambayo mashirika madogo yanaililia. Lakini kuna tabia lazima uziache. Wewe umezoea mwito wa kurasa themanini unaokuambia kila kitu hadi saizi ya herufi. Wakfu binafsi wengi hawana mwito, wanataka kukujua kwanza, na ukimtumia kurasa thelathini ambazo hakuomba hatazisoma. Umoja wa Ulaya nao mara nyingi wanaanza na konsepti, muhtasari wa wazo la mradi, ya kurasa chache, ukipita ndiyo unaandika yote, na ovahedi yao haipiti asilimia 7 wakati kwa Wamarekani ile ya wasio na makubaliano maalum imekuwa asilimia 15 tangu Oktoba 2024. Ukitengeneza bajeti ya Ulaya na kichwa cha Marekani utaliacha shirika na shimo.

Tafuta shirika moja dogo, siku mbili kwa wiki, ulipwe kidogo lakini ulipwe, na uandikie madona watatu wa aina tofauti: wakfu mmoja wa nje, wakfu mmoja wa kampuni ya hapa kama Safaricom Foundation au Equity Group Foundation, na mmoja wa kusaidia jamii kama KCDF, ambao wako Nairobi tangu 1997. Hata ukikosa mbili, CV yako haisemi tena dona mmoja. Kitu kingine kinachokuuza sai ni sheria. Sheria ya PBO (mashirika ya manufaa ya umma) ya 2013 ilianza kufanya kazi tarehe 14 Mei 2024 na ikaondoa ile ya NGO ya 1990, na mashirika mengi madogo hayajapanga makaratasi yao sawasawa. Wewe umekaa na makaratasi miaka mingi. Ingia na hiyo, proposali zitafuata.

Mwalimu, kuandika na ChatGPT ni dhambi? – Bila jina, Kawangware

Si dhambi, ila soma masharti ya kila dona. NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, kwa mfano imesema tangu mwisho wa Septemba 2025 haitapokea maombi ambayo sehemu kubwa imetungwa na AI. Wengine wanakubali ukisema wazi umetumia, na wengine hawajasema chochote, hao waulize kwa imeili. Kufupisha aya iliyozidi maneno, sawa. Kukagua kama umejibu maswali yote ya fomu, sawa kabisa. Kuiambia iandike shida ya kijiji ambacho haijawahi kuona, hapo utapata ileile aya waliyopata wengine wote walioomba hizo pesa, na anayepima anazisoma zote kwa siku moja.

Na tafadhali usimwage humo majina ya watoto, simu za wamama au rekodi za kliniki. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahusu shirika lako pia, hata kama ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la mitumba.