Siku Niliyopoteza Sauti: Ushauri kwa Mtengenezaji wa Gemu Anayekwenda Maonyeshoni

Maonyesho yangu ya kwanza yalikuwa ya siku tatu, jijini Nairobi, na siku mbili za mwanzo nilizipoteza kwa kuzungumza. Kila aliyeikaribia meza yetu nilimpokea kwa maelezo: kwamba gemu inahusu nahodha wa jahazi anayefanya biashara kati ya Lamu na Muscat, kwamba pepo za kusi na kaskazi ndizo zinazoamua safari, kwamba ukitaka kuondoka gatini unabonyeza hapa na kuvuta pale. Watu walicheza, wakasifu, wakaenda zao, nami nikalala nikiamini kazi imefanyika. Asubuhi ya siku ya tatu sauti ilikuwa imekauka kabisa, na hata chai ya tangawizi haikuirudisha. Nikaandika "Karibu ucheze" kwenye karatasi, nikaibandika kando ya padi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, nikakaa nyuma ya meza kimya.

Wa kwanza kufika alikuwa dada mmoja mwenye mkoba begani, ambao hakuutua muda wote aliocheza. Alishika padi, akauzungusha usukani kushoto, akauzungusha kulia, jahazi likayumba palepale kama ngalawa iliyotia nanga. Kidole gumba chake kilipita mara nne juu ya kitufe cha kuvuta demani, ile kamba inayolikaza tanga, bila kukibonyeza. Baada ya dakika moja na nusu hivi alinitazama, akatabasamu, akasema, "Hongera, ni nzuri sana," akaiweka padi taratibu na kuondoka. Jahazi lilikuwa bado gatini. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimechora vijiti 19 kwenye daftari, kimoja kwa kila mchezaji, na 14 kati yao hawakuwahi kuiona bahari. Siku mbili zilizotangulia hakuna aliyekwama, kwa sababu mdomo wangu ndio uliokuwa ukilisukuma jahazi, na mtu akiinunua gemu hiyo mimi siendi nayo nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo nimeonyesha gemu mara kadhaa, nyumbani na ugenini, na ushauri ninaowapa vijana wanaoniuliza huanzia hapo: nenda ukatazame mikono ya watu. Wengi huenda maonyeshoni kutafuta sifa, na sifa watazipata, kwa kuwa mgeni mstaarabu hamwambii mwenyeji kwamba mchuzi hauna chumvi. Anayosema mchezaji yaandike, lakini usiyape uzito sawa na anayotenda. Andika alisimama wapi, alirudia nini, aliangalia upande gani wa kioo alipopotea, na alimwambia nini rafiki aliyesimama nyuma yake, kwa maana maneno anayoambiwa rafiki huwa ya kweli kuliko yanayoambiwa mtengenezaji. Akikuuliza afanye nini, mrudishie swali kwa upole: "Wewe unadhani ufanye nini?" Msaidie tu anapokaribia kuondoka kwa hasira, na hapo napo uandike kwamba umemsaidia.

Jambo la pili linatokana na hilo la kwanza. Gemu unayoipeleka maonyeshoni isiwe ile unayoiuza. Inafaa itengenezwe toleo lake, ambalo wenyewe tumezoea kuliita demo, kwa ajili ya mtu aliyesimama wima ndani ya kelele, mwenye njaa, anayesubiriwa na wenzake. Toleo letu la kwanza lilianza kwa nembo, kisha utangulizi wa maandishi kuhusu historia ya biashara ya mikoko na tende, ambao niliuandika kwa wiki mbili na kuupenda kuliko sehemu nyingine yoyote. Hakuna hata mmoja aliyeusoma. Sasa mchezaji akigusa kitufe chochote anajikuta yuko chomboni, upepo umeshaanza kuvuma, kamba ya demani inapigapiga kando ya mkono wa nahodha ikimwita, na katika dakika sita amekwisha kutoka gatini, amepambana na dhoruba moja ndogo, ameingia bandari ya pili na kuuza shehena. Ukimwachia dakika ishirini, wanaosubiri nyuma yake watakwenda meza ya jirani. Ukimpa mbili, hatakuwa na la kusimulia.

Toleo hilo lijue pia kujirudisha mwanzo lenyewe likikaa sekunde sitini au tisini bila kuguswa. Kabla hatujaliwekea hilo, mchezaji alikuwa akiacha padi katikati ya bahari, na anayefuata anakabidhiwa jahazi linalozama, naye anaamini hivyo ndivyo gemu inavyoanza. Funga kila njia ya kutoka kwenye gemu. Mtoto mmoja wa miaka kama tisa aligundua njia ambayo sisi hatukuijua, na niliporudi kutoka msalani nilimkuta yeye na wenzake wanne wanatazama mpira kwenye kompyuta yetu, tena meza yetu haijawahi kupata umati kama ule.

Sauti usiitegemee. Ukumbi wa maonyesho una kelele kama stendi ya mabasi, kwa hiyo kila dokezo linalotolewa kwa mlio lazima lionekane na kwa macho. Hedifoni husaidia, lakini wapo wasiopenda kuzivaa, na kwa akina dada waliovaa hijabu au waliosuka vizuri ni usumbufu mtupu. Wanaozivaa wawekee pakiti ya vitambaa vyenye spiriti, na uzifute mbele ya macho yao. Beba padi ya akiba, beba ekstensheni yako mwenyewe, na uweke nakala za gemu kwenye flashi mbili zinazokaa mifuko tofauti. Intaneti ya ukumbini ichukulie kama haipo. Niliwahi kuahidiwa na waandalizi, kwa maandishi, mtandao wa kasi na soketi mbili za umeme. Nilichokikuta ni soketi moja ya kugawana na muuza kahawa, na kila mashine yake ilipochemsha maji, kioo chetu kilizima.

Pa kwenda ni swali linaloulizwa mno, na jibu langu huwaudhi baadhi ya watu: usianzie pakubwa. Maonyesho ya gamescom ya Cologne, Ujerumani, yalipata wageni wapatao 335,000 mwaka 2024, na katika bahari ya namna hiyo mtengenezaji mdogo anayejitegemea hupotea asipojiunga na banda la pamoja, mfano Indie Arena Booth, ambalo hukusanya watengenezaji wengi wadogo mahali pamoja. Huko kumbi za umma na sehemu ya wafanyabiashara zimetenganishwa, nawe uamue mapema umekwenda kwa ajili ya ipi, kwa kuwa miguu yako ni miwili tu. Gemu isiyofanana na nyingine, ile ambayo hata wewe unashindwa kuieleza kwa sentensi moja, itapata wapenzi zaidi kwenye tamasha la A MAZE. la Berlin, ambalo kuanzia mwaka 2012 lilifanyika pia Johannesburg. Anayetaka heshima ya tuzo ana Independent Games Festival, iliyoanzishwa mwaka 1998 na kufungamana na GDC, mkutano wa watengenezaji wa gemu wa San Francisco, na huko tangu mwaka 2014 kumekuwa na onyesho la alt.ctrl.GDC la gemu zinazochezwa kwa vifaa visivyo vya kawaida. Nasubiri siku atakapotokea mtu wetu na ubao wa bao wenye mashimo 32 yanayohisi kete. Akinitangulia nitamwonea wivu.

Kwa bajeti ya mtu wa kwetu, lakini, ningeweka Cape Town mbele ya hizo zote. Africa Games Week huwakutanisha watengenezaji wa bara hili na wachapishaji, yaani kampuni zinazogharimia gemu na kuzitoa sokoni, na wawekezaji kutoka nje, na Mkenya au Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anaingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara isiyozidi siku 90. Anayedhani hilo ni jambo dogo hajawahi kuomba viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, akiwa na tarehe ya maonyesho shingoni. Viza hiyo unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hutakiwi kuchelewa hadi zikabaki chini ya siku 15; ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari haina budi kufikia angalau yuro 30,000. Haya yote yameandikwa na yanafuatika. Linaloumiza ni miadi. Barua yetu ya mwaliko wa Cologne ilifika wiki sita kabla, mimi nikapata nafasi moja iliyoachwa na mtu mwingine, na mwenzangu, aliyeko Zanzibar, alipangiwa tarehe iliyopita siku ya kufunga maonyesho. Niliondoka peke yangu.

Kuwa peke yako kwenye meza ya maonyesho si kwamba unachoka mara mbili tu. Ukitoka kwenda kukutana na mchapishaji, meza haina mtu. Ukibaki, mchapishaji anaondoka. Nilikula mkate nikiwa nimesimama, nikasali nikiwa nimemwachia kompyuta jirani yangu kutoka Brazil, ambaye hatukuwa na lugha ya pamoja isipokuwa ishara za mikono, naye nikamlipa kwa kumshikia zamu yake. Kwa hiyo waombe waandalizi barua za watu wawili siku ileile unapopokea habari kwamba umekubaliwa, hata kama bado hujui nauli ya pili itatoka wapi. Uliza pia bila haya kama kuna ruzuku ya safari au punguzo la ada. Baadhi ya matamasha huwa na fungu hilo, na hawalitangazi kwa sauti kubwa.

Vifaa vibebe mkononi, visiingie kwenye sanduku la chini ya ndege. Betri za akiba na pawabenki hata ukitaka hazikubaliwi huko chini, na mashirika ya ndege huruhusu zile zisizozidi saa-wati 100, yaani takriban mAh 27,000 kwa zile za volti 3.7 zilizozoeleka. Plagi zetu za pini tatu za mstatili hazitaingia Ujerumani wala Marekani, na adapta inayouzwa uwanja wa ndege ina bei ya kukufanya umkumbuke fundi wako wa mtaani.

Kuhusu wachapishaji sina mengi. Kikao huwa cha nusu saa, mara nyingi chini ya hapo, na wanayotaka kujua ni gemu ni ipi, imefika wapi, unahitaji kiasi gani na itakamilika lini. Uwe na kionjo cha video cha dakika moja kwenye simu, kisichohitaji mtandao. Wakikupa kadi, andika nyuma yake mlizungumza nini kabla hujasahau sura, na uwaandikie ndani ya wiki ileile. Anayekuahidi mambo makubwa mbele ya kinywaji mwache aahidi, ila usimwambie mama yako bado.

Wapo watakaoniambia kwamba siku hizi maonyesho yako mtandaoni, na kwa sehemu ni kweli. Steam Next Fest, tamasha la demo la duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam, hufanyika mara tatu kwa mwaka, Februari, Juni na Oktoba, na ada ya kuiweka gemu kwenye duka hilo ni dola 100, ambayo ni nafuu kuliko nauli ya kufika popote. Ila gemu moja huruhusiwa kushiriki mara moja tu kabla ya kutoka. Nimemwona kijana aliyeingia huko na toleo bichi, lenye mapengo, kwa sababu tu tarehe ilikuwa karibu. Nafasi ikaisha, na gemu yake, ambayo ni nzuri kuliko yangu, ilipokuja kuiva hakukuwa tena na mlango ule. Meza ya mtaani ndiyo inayokuonyesha kwamba demo imeiva. Mimi nilijipa sharti la kutoingia mtandaoni mpaka vijiti vyangu vya gatini vipungue hadi viwili katika kila kumi, na ilichukua maonyesho matatu.

Hayo ya tatu yalikuwa madogo, Mombasa, ukumbi wenye mapangaboi mawili na viti vya plastiki. Mchana aliingia mzee mmoja mwenye kofia ya kiua na kikoi, aliyewaleta wajukuu. Nilimwamkia, akaitikia, akasimama nyuma ya mjukuu wake muda mrefu akitazama, kisha akaiomba padi. Demani aliivuta kabla hata ya kuuliza. Akatoka gatini, akaipita dhoruba kana kwamba haipo, na alipokaribia kuingia Lamu akasimamisha mkono.

"Mwanangu, chombo hiki kinatoka wapi?"

"Muscat, mzee."

"Mwezi gani?"

Nilitazama pembe ya kioo, mahali ambapo miezi mingi nyuma tulikuwa tumeandika tarehe. Ilisema Julai. Ili demo iwe fupi tulikuwa tumezima majira yote ya upepo na kuacha tarehe peke yake, na hakuna hata mmoja wa wachezaji mamia, Nairobi wala Cologne, aliyekuwa amelitambua hilo.

"Julai kuna kusi," mzee alisema akinirudishia padi. "Kusi itakupeleka Muscat. Kukurudisha, haikurudishi."

Nilifungua daftari na kuliandika.