Saa Yasema Nimechoma Kalori 600, Mbona Mizani Haishuki?

SWALI

Assalamu alaykum mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Wete, Pemba. Nina duka la kanga, kwa hiyo kazi yangu ni ya kukaa. Urefu wangu ni sentimita 160. Mpwa wangu aliniletea saa ya mazoezi kutoka Maskati, akanifungulia na programu yake kwenye simu. Nilianza na kilo 87, mwezi wa kwanza nikashuka mpaka 84, na tangu hapo, wiki ya tano sasa, mizani imekataa katakata.

Kila siku natembea hatua 10,000. Saa inasema matembezi hayo yananichomea kalori 600, na ikifika usiku inaonyesha jumla ya 2,900 na ushei. Kwenye ukurasa mwengine imeandika “kupumzika 1,830”. Programu inatoa 500 na kuniambia naruhusiwa kula 2,400. Mimi hata huko sifiki. Kwa hesabu zangu nakula 1,600 tu. Tabu nyengine ni kwamba programu haivijui vyakula vyetu. Nikiandika wali wa nazi inaniletea wali mtupu, nikiandika urojo ndiyo kabisa. Na nyumbani tunakula siniani. Jumatatu na Alhamisi nafunga. Je, saa ndiyo mbovu au ni mwili wangu?

JIBU

Waalaykumu salaam, dada yangu. Saa si mbovu na mwili wako hauna neno. Tatizo ni kwamba saa hiyo inamhesabia mtu mwengine.

Kilichonishtua katika barua yako ni ile 1,830. Hicho ni kiasi ambacho saa inadhani mwili ungekitumia kwa siku nzima hata usinyanyuke kitandani: kupumua, kusukuma damu, kutunza joto. Saa haikipimi, inakikokotoa kwa taarifa ulizoijaza, na kanuni inayotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke, chukua kilo zako mara 10, ongeza sentimita za urefu mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Kwako wewe ni 840 na 1,000, toa 205, toa 161. Jawabu ni 1,474.

Sasa 1,830 imetoka wapi? Nilijaribu kuigeuza kanuni. Kwa mwanamme mwisho wake ni tofauti: badala ya kutoa 161, unaongeza 5. Nikaweka kilo 84 zako, nikaweka kijana wa miaka 25 mwenye urefu wa sentimita 178. Ikaja 1,832. Mpwa wako ana umri gani, dada? Nadhani alipokuwa akiifungua saa alijaza taarifa zake yeye, akaja kubadilisha kilo tu. Ingia kwenye wasifu ndani ya programu, tazama jinsia, umri na urefu. Ukikuta ni vyake, umeshazipata kalori 356 za kila siku ambazo hukuwa nazo kamwe.

Hilo la kwanza. La pili ni zile 600 za matembezi.

Hatua ya mwanamke wa urefu wako ni kama sentimita 66, kwa hiyo hatua 10,000 ni kilomita 6.6 hivi. Kutembea sawasawa kunagharimu karibu nusu kalori kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, juu ya kile ambacho ungetumia ukiwa umekaa. Nusu mara 84 mara 6.6 ni 277. Tuseme 280, na kwa kuwa Pemba kila ukigeuka ni kilima, mtu anayeshuka bandarini Wete na kupanda tena anaongeza kidogo. Lakini 600 haifiki. Saa nyingi zinajumlisha na kile ambacho mwili ungetumia hata umelala, halafu zinakionyesha kama chumo la mazoezi.

Usidhani nazionea saa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Katika mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5, jambo la kupigiwa makofi. Katika kalori, kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya kuliko vyote asilimia 93. Ndiyo maana nawaambia wanaokuja kwangu: saa iamini katika mapigo na, kwa kiasi, katika hatua. Kalori zake ziangalie kama unavyoangalia bei ya kwanza ya muuzaji wa soko la Darajani.

Hata hatua zina vituko vyake. Kifaa hakioni miguu, kinahisi mtikiso wa mkono. Niliwahi kukaa juu ya mbuzi nikakuna nazi mbili, saa ikanipongeza kwa matembezi. Kinyume chake, ukibeba ndoo kwa mkono wenye saa, mkono hauyumbi, na hatua nyengine hupotea. Jaribu mwenyewe: tembea ukihesabu kwa mdomo hatua 100, kisha tazama saa imeandika ngapi. Kosa la hatua tano au sita si kitu. Siku ukienda Chake, ingia uwanja wa Gombani, uzunguke mara moja kwenye mstari wa ndani kabisa wa njia ya kukimbilia, ambao ni mita 400. Gawa 400 kwa idadi ya hatua zako, utaupata urefu halisi wa hatua, uujaze kwenye programu. Na saa ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo, ibane bila kuumiza. Ile taa ya kijani chini yake inasoma damu kupitia ngozi, na watengenezaji wenyewe wanaonya kuwa wino wa chale unaizuia. Piko nzito ya harusini, ile rangi nyeusi ya kujichora, nami nisingeiamini.

Kuhusu 10,000 yenyewe, usiifanye ibada. Ilianzia Japani mwaka 1965, kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, maana yake “kipimo cha hatua elfu kumi”. Ilikuwa namba ya kuuzia kifaa. Kama umezoea, endelea nayo, ni nzuri. Lakini siku ya 7,000 si siku iliyoharibika.

Sasa tuikusanye hesabu yako ya kweli. 1,474, zidisha kwa 1.3 kwa kazi ya kukaa dukani na harakati ndogo ndogo za nyumbani, unapata karibu 1,916. Ongeza 280 za matembezi: 2,200 kwa duara. Saa inasema 2,900. Programu inatoa 500 kutoka kwenye namba isiyo yako, halafu inakuambia kwamba kula 2,400 ni kupunguza uzito, na hizo ni nyingi kuliko unazotumia! Ungezila zote ungenenepa, tena kwa ruhusa.

Lakini wewe wasema unakula 1,600. Hapa, dada yangu, nisamehe, ndipo ninapokukatalia kwa heshima zote. Uzito uliosimama wiki tano ni kipimo bora kuliko saa yoyote: kinachoingia na kinachotoka vimelingana, maana yake unakula karibu 2,200. Hujasema uongo. Kalori 600 zimepita mlangoni bila kuandikwa, na nahisi nyingi zimepita na nazi.

Tuchukue wali. Kilo moja ya mchele mkavu ni kalori 3,600 hivi. Mkila watu sita, kila mmoja ana 600. Hiyo ndiyo programu inayoijua. Sasa weka nazi mbili. Nyama ya nazi moja ya wastani ni gramu 300 au zaidi, na theluthi yake ni mafuta, yaani gramu 100. Tuseme nusu tu inatoka kwenye tui na nyengine inabaki kwenye chicha: gramu 50, kila gramu ya mafuta kalori 9, ni 450 kwa nazi moja na 900 kwa mbili. Gawa kwa sita: umeongeza 150 kwenye sahani yako kabla hujagusa mchuzi. Na mchuzi nao una kasimele yake, na samaki amekaangwa kwanza. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Chai nne kwa siku za vijiko vitatu vitatu vya sukari zinakaribia 200. Kashata ya pembeni ya kahawa hata sijaihesabu.

Kwa hiyo njia ya kuandika chakula chetu ni kuandika chungu kizima, kabla hakijaiva. Programu nyingi zina sehemu ya kutunga mapishi yako. Pima kwa mizani ya jikoni vyote vinavyoingia: mchele, nazi, mafuta, kitunguu ukipenda. Ukipika, pima wali wote ulioiva bila uzito wa sufuria. Mathalan umetoka kilo 3, na jumla ya kalori ni 4,500: kila gramu 100 ni kalori 150. Ukishaihifadhi mara moja kwa jina la “wali wa nazi wa nyumbani”, hutaipima tena ila ukibadili idadi ya nazi. Kwa vyakula vya kawaida kuna majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa chuo cha tiba cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard, yanayotoa thamani ya kila gramu 100. Ni bora kuyafuata hayo kuliko jina la kigeni lililofanana.

Urojo uvunje vipande. Rojo lenyewe ni maji, unga kidogo, manjano na ukali wa ndimu au embe, si adui. Andika vinavyozama ndani yake: bajia ngapi, kachori ngapi, chipsi za muhogo, chatne ya nazi. Ukimwambia muuzaji akuwekee mbatata za kuchemsha, yai na mishikaki, bajia mbili badala ya sita, umekula urojo na hesabu haijavurugika.

Sinia ni gumu zaidi, na sitaki ujitenge na watu wako. Nakuomba wiki mbili tu: jipakulie kwanza kwenye sahani, pima, andika, kisha kaa nao pale pale. Baada ya hapo jicho linajua gramu 250 za wali zikoje na unaweza kurudi kwenye sinia ukila upande wako. Wanaoendelea kupima mwaka mzima ninawajua, na wengi wao huchoka wakaacha kila kitu.

Lengo lako liwe 1,700 kwa siku, na ile kazi ya programu ya kukuongezea chakula kwa sababu umetembea izime kabisa. Upungufu wa 500 kwa siku ni 3,500 kwa wiki; kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700; basi tarajia karibu nusu kilo kwa wiki, na kasi ipungue kadiri unavyokuwa mwepesi. Zile kilo tatu za mwezi wa kwanza zisikudanganye kwamba ndiyo kasi ya kawaida. Ukipunguza wanga, mwili humaliza akiba yake ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu tatu za maji. Sehemu ya ulichopoteza ilikuwa maji.

Si lazima nazi iondoke. Pika wali mweupe siku nne, wa nazi siku tatu, au nazi moja pahala pa mbili. Samaki wa kuchoma, pweza wa kuchemsha, choroko na kunde viongezeke, maana protini inashibisha na inalinda misuli wakati uzito unashuka. Misuli hiyo hailindwi na kutembea peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, ambazo wewe umeshazipata, na siku mbili za kutia misuli nguvu, ambazo huna. Dukani kwako inuka na kukaa kitini mara 12, bila kushika, mizunguko mitatu. Dumu la lita tano limejaa maji ni kilo tano za kuinulia mikono.

Siku za kufunga hazina tatizo, futari ndiyo ya kutazamwa. Muhogo wa nazi, tambi za sukari na kaimati sita vinaweza kurudisha chakula chote cha mchana ulichokiacha, na vikabaki. Tena mizani ya asubuhi ya Ijumaa hupanda kwa chumvi na maji tu, kama inavyopanda siku zako zinapokaribia. Jipime kila asubuhi baada ya haja, andika, lakini usome wastani wa siku saba. Na fungia utepe wa fundi cherehani kiunoni mara moja kwa wiki. Kwa mwanamke, kupita sentimita 88 ni dalili ya hatari kubwa ya kisukari na moyo, na mara nyengine kiuno hupungua kabla mizani haijasema kitu.

Hukutaja dawa. Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, au vya presha, usianze hizi 1,700 wala usiendelee kufunga kabla hujaonana na daktari wako, kwa sababu kipimo cha dawa kinaweza kuhitaji kupunguzwa; kisipopunguzwa, sukari au presha inaweza kushuka ghafla ukiwa peke yako dukani.

Ukishasahihisha wasifu na kumaliza wiki mbili za kupima sahani, niandikie namba tatu: kalori ya kupumzika inayoonyeshwa sasa, wastani wa uzito wa siku saba za mwisho, na idadi ya nazi zinazokunwa nyumbani kwa wiki.