Kuilaza seva ukiwa mbali: kushuka ndio ngoma

SWALI: Habari, fundi. Ofisi yetu ndogo ya uhasibu iko Mbale, lakini mimi naishi Kampala na huingia kwenye seva kwa Remote Desktop. Usiku hakuna anayeitumia, na yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zinakwisha upesi. Nimetafuta kwenye menyu pa kuilaza, sipaoni. Ni Windows Server. Je, naweza kuilaza nikiwa huku, kisha niiamshe nikiihitaji?

JIBU: Unaweza, na hesabu inakuunga mkono. Tuseme seva yako inakula wati 80 ikiwa imekaa bure. Kwa saa 12 za usiku hiyo ni karibu yuniti moja, yaani yuniti 29 hivi kwa mwezi. Ikilala inabaki na wati chache tu.

Kwanza tujue kwa nini hupaoni pa kuilaza. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /a. Windows itakutajia aina za usingizi ambazo mashine inaziweza, na kwa kila isiyoiweza itakupa sababu. Mara nyingi ni dreva, yaani programu inayoendesha kifaa, ya kadi ya picha: seva imeachiwa ile ya kawaida ya Windows, nayo haijui kulala. Weka dreva ya mtengenezaji. Sababu nyingine ni Hyper-V, sehemu ya Windows inayoendesha kompyuta pepe ndani ya seva. Ikitajwa hiyo, na kweli unaitumia, usipigane nayo. Izime seva kabisa kila jioni. Hata iliyozimwa huweza kuamshwa kwa mtandao, mradi BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) na kadi ya mtandao vinakubali.

Ikiwa usingizi upo, amri ni hii: rundll32.exe powrprof.dll,SetSuspendState 0,1,0. Ina mtego. Kama hibernate imewashwa, mashine haitalala bali itahifadhi kila kitu kwenye diski na kujizima. Tanguliza powercfg /h off.

Hapo umepanda mchongoma. Miaka michache iliyopita niliilaza seva ya mteja iliyoko Gulu, nami niko Kampala, zaidi ya kilomita 300. Asubuhi haikuamka. Nikampigia askari wa geti, nikamweleza abonyeze kitufe kikubwa cha mbele. Akabonyeza cha UPS, ile betri ya akiba ya umeme. Ofisi nzima ikazimika.

Kompyuta iliyolala huamshwa kwa Wake-on-LAN. Kadi ya mtandao inabaki na umeme kidogo, ikisubiri pakiti moja maalumu: baiti 6 za FF, kisha anwani ya MAC ya kadi hiyo, yaani namba yake ya utambulisho, ikirudiwa mara 16. Jumla baiti 102. Shida ni kwamba pakiti hii hutangazwa ndani ya mtandao wa ofisi, na ruta kwa kawaida haiipitishi kutoka nje. Tena kama intaneti yenu ni ya laini ya simu, huenda ofisi haina hata anwani yake yenyewe ya nje, inashiriki na wateja wengine wengi. Ukirusha pakiti kutoka Kampala, haitafika Mbale.

Kwa hiyo lazima kitu kimoja pale ofisini kikeshe. Kama ruta yenu ni MikroTik, umepona: ingia kwenye ruta kwa VPN, yaani njia ya faragha kupitia intaneti, utumie amri ya /tool wol pamoja na anwani ya MAC. Kama siyo, nunua Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, uweke WireGuard, programu ya VPN, iwe ndiyo inayoanzisha muunganisho kuja kwako. Inakula wati chache. Mimi nisingefungua mlango wa ruta kwa ulimwengu mzima eti ili pakiti moja ipite.

Kwenye Windows, fungua sifa za kadi ya mtandao, uiruhusu kuamsha kompyuta, na uchague iamshwe kwa pakiti hiyo maalumu peke yake. Ukisahau hilo, kelele yoyote ya mtandao itaikurupusha saa nane za usiku. Kwenye BIOS zima ErP, mpangilio wa kubana umeme, maana hiyo huikatia kadi umeme. Tumia waya, Wi-Fi usiitegemee. Na ukishaiamsha, ingia mara moja: mashine iliyoamshwa bila mtu kuigusa, Windows huweza kuirudisha usingizini baada ya dakika 2.

Kuna na umeme kukatika. Seva iliyolala huweka kazi zake kwenye RAM, kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote, na UPS ikiisha, vyote vimekwenda. Funga programu ya uhasibu kabla ya kuilaza. Kisha kwenye BIOS chagua mashine ijiwashe umeme ukirudi. Heri ikeshe bure usiku mmoja kuliko kukulazimisha kupanda basi.

Kwa ofisi kama yako, mimi ningeweka pia saa. Kipanga kazi cha Windows kina kisanduku cha kuamsha kompyuta ili kazi ifanyike. Weka saa 12:30 asubuhi, na uruhusu saa za kuamsha kwenye mipangilio ya umeme. Pakiti ibaki kwa siku unayoihitaji usiku. Nakala rudufu, kama hufanyika saa sita za usiku, zihamishie jioni kabla ya kulala.

Jaribu yote ukiwa Mbale, umekaa kando ya seva. Ilaze na kuiamsha kwa simu yako mara tatu, kisha chomoa waya wa umeme uone. Na kabla hujaondoka, bandika karatasi nyekundu kwenye kitufe cha seva. Kile cha UPS kifunike.