Stenti ya Mguu Ikiziba: Ni Damu au Ni Kovu?

Stenti ni bomba dogo la wavu wa chuma linaloshikilia mshipa wa damu ubaki wazi. Ikiziba, kabla ya kuuliza litumike puto gani la kuitanua, uliza imezibwa na nini, na tangu lini. Damu iliyoganda na kovu ni maradhi mawili.

Damu huganda ghafla, mara nyingi mgonjwa akiacha vidonge vya kuzuia damu kuganda. Mguu unapoa, unapauka, unauma hata akiwa amelala. Vidole vikifa ganzi au vikigoma kucheza, saa zinahesabika; asisubiri siku ya kliniki. Zisipopita siku 14 tangu dalili zianze, donge huwa bado laini: hunyonywa kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa), au huyeyushwa kwa alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, takriban miligramu 0.5 hadi 1 kwa saa, ikipitishwa humo humo ndani ya donge. Aliyepata kiharusi au kupasuliwa karibuni kwa kawaida hapewi, maana anaweza kuvuja damu. Donge likitoka, tafuta chanzo: pengine mwisho wa stenti pamebana, au vijiti vyake vimevunjika. Ukikiacha, mtarudi kwenye meza ya matibabu.

Kovu huja taratibu, zaidi ndani ya mwaka wa kwanza. Seli za ukuta wa mshipa huota na kupenya matundu ya stenti. Aliyekuwa akitembea mita 400 sasa anasimama kwenye 100, ameshika kigimbi. Uwiano wa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono ukishuka kwa 0.15, apigwe ultrasaundi. Kasi ya damu penye mbano ikizidi mara 2.4 ile ya juu yake, njia imepungua kwa zaidi ya nusu.

Puto tupu hapa hupendezesha picha tu. Kovu hubonyea, kisha hurudi. Afadhali puto lililopakwa paklitakseli, dawa inayozuia seli kuota, ila njia itanuliwe kwanza kwa puto la kawaida. La dawa lifikishwe haraka, kwa kuwa damu huiosha dawa njiani, na liachwe limejaa dakika 2 hadi 3. (Hofu ya 2018 kwamba paklitakseli huongeza vifo haikuthibitika, Marekani ililegeza onyo lake 2023.)

Penye kuziba kabisa, kazi ni kupitisha waya mwembamba unaoliongoza puto. Ukipenya nyuma ya vijiti vya stenti, puto litaiponda stenti. Ikunje ncha ya waya kama kitanzi, kisha hakikisha kwa picha za pembe mbili kwamba waya umo ndani ya stenti. Kovu refu hupunguzwa kwa leza kabla ya puto, au hufunikwa kwa stenti yenye kitambaa. Likirudi tena, na mgonjwa ana vena nzuri ya paja, tungemwelekeza kwenye upasuaji wa kupitisha damu kando, bila puto la tatu.