Taa za gari la umeme: maswali yenu kutoka Kitonga hadi Tunduma

Wiki hii safu nzima nimeiachia taa za mbele. Kila anayeulizia gari la umeme huanza na betri, na siku hizi wengi wanamalizia na taa, hasa zile zinazojirekebisha zenyewe bila dereva kugusa swichi. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo. Natafuta gari la umeme la mtumba mtandaoni. Tangazo moja linasema lina taa za matriksi. Zinafanya nini ambacho taa ya kawaida haifanyi? (Kijana wa Uyole, Mbeya)

Marahaba. Taa uliyoizoea ina mambo mawili tu, dimu na fulu. Ukiwasha fulu unaona mbali lakini unamchoma macho anayekuja. Ukishusha dimu umemsitiri yeye, wewe umebaki na kipande kifupi cha barabara. Taa ya matriksi imeugawa mwanga wa fulu katika vipande vingi, kila kimoja na LED yake. Kamera iliyobandikwa nyuma ya kioo cha mbele inatafuta taa za magari mengine, kisha kompyuta inazima vile vipande vinavyoelekea machoni pa mwenzako na kuviacha vingine viwake. Yeye anasafiri ndani ya kivuli kinachomfuata, na wewe bado unauona mtaro, mti na mtu anayetembea pembeni.

Audi A8 ya 2013 ilikuja na LED 25 za fulu katika kila taa. Leo Porsche wana taa yenye nukta za mwanga zaidi ya 32,000 upande mmoja, na Mercedes wanatumia chipu yenye vioo vidogo milioni 1.3 vya kuelekeza mwanga kwa kila taa. Kwa safari za kwetu, hizo 25 za mwanzo tayari zinafanya sehemu kubwa ya kazi.

Jihadhari na maneno ya tangazo. Kuna taa zinazogeuka pamoja na usukani, jambo ambalo Citroën DS ilikuwa nalo tangu 1967. Kuna pia taa zinazojishusha zenyewe kutoka fulu kwenda dimu basi. Wauzaji huziita zote kwa jina moja. Mwombe akutumie video ya usiku, gari likitembea na fulu imewashwa, gari jingine likija mbele. Kama mwanga wote unashuka kwa pamoja, hiyo si matriksi.

Taa zenye kompyuta hazitanimalizia chaji njiani? (Mama mfanyabiashara, Njombe)

Hapana, mama. Balbu mbili za haloji, zile za kawaida zenye waya unaowaka ndani, zinakula wati 110. Chukua LED mbili za dimu kuwa wati 60, kwa makadirio ya kutosha. Ukiendesha usiku kwa muda wa saa tano, hizo ni kilowati-saa 0.3, na kwa betri ya kilowati-saa 40 hiyo haifiki hata asilimia 1. Kinachokula chaji Njombe mwezi wa Juni na Julai ni hita. Ikivuta kilowati 2 kwa saa moja tu, imeshakula zaidi ya mara sita ya taa za usiku mzima. Punguza hita, vaa sweta, taa usiziguse.

Kamwene. Naendesha lori Dar hadi Tunduma. Kitonga usiku tunaumizana sana kwa fulu. Hizi taa mpya zitatumaliza hiyo shida? (Dereva, Mafinga)

Kamwene. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii, na nitalijibu kwa urefu.

Jambo la kwanza: taa hii haimlindi mwenye nayo na fulu za wengine. Inamlinda anayekutana naye. Ukiinunua wewe, nafuu anaipata yule anayeshuka wakati wewe unapanda. Wewe utaendelea kuchomwa na kila asiyeshusha. Ndiyo maana ninaipenda teknolojia hii na ndiyo maana ninataka ienee hadi kwenye malori. Imeshaanza huko: Volvo waliiweka kwenye FH mpya waliyoizindua 2020.

Jambo la pili ni milima yetu. Kamera huona kilicho mbele yake, haioni nyuma ya mwamba. Kwenye kona za Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, gari linalokuja linatokeza ghafla likiwa karibu, na kwa muda huo mfupi kabla kamera haijalitambua, fulu yako inampiga usoni. Dereva mzoefu angeshaona mwanga wa mwenzake ukicheza kwenye ukuta wa mlima na kushusha mapema. Hali ni ileile ukiwa unapanda kilele cha mlima na mwingine anapanda upande wa pili.

La tatu ni vyombo tunavyokutana navyo. Kamera imefundishwa kutafuta taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Lori lenye taa moja iliyokufa, bodaboda yenye taa hafifu kama mshumaa, mkokoteni, baiskeli isiyo na chochote: hivi vinaweza kuipita kamera bila kutambuliwa. Na mabango ya barabarani yanayong'aa yanaweza kuidanganya kwa upande mwingine, ikapunguza mwanga pasipo na gari.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye gari la namna hii ni kuiacha ifanye kazi kwenye barabara iliyonyooka, kama ile ya Makambako hadi Igawa, na kuizima kwenye miteremko na kona. Kitonga weka dimu kwa mkono wako. Hakuna mwendo wa kutafuta fulu pale. Ukiwa kwenye gia nzito na mwendo mdogo, dimu iliyolengwa vizuri inatosha.

Na ukungu je? Sisi wa Tukuyu ukishapita Uyole kupanda Uporoto, hata mbele ya boneti huoni. (Mwalimu, Tukuyu)

Mwalimu, ukungu ni matone ya maji yaliyoelea, na kila tone linarudisha mwanga. Ukiwasha fulu unajijengea ukuta mweupe mbele yako, iwe haloji au LED ya milioni. Matriksi haisaidii hapo, kwa sababu yenyewe inaamua kwa kuangalia taa za wengine, na ndani ya ukungu mzito kamera inapofuka kama wewe. Dimu, taa za ukungu zilizofungwa chini karibu na bampa, na mwendo wa kuweza kusimama ndani ya umbali unaouona.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Haloji hutoa joto kubwa kwa mbele, hivyo hujikausha umande wenyewe. LED joto lake hutokea nyuma, kwenye kipoza joto, na kioo cha mbele hubaki baridi. Asubuhi ya Makete au Kitulo yenye barafu, taa ya LED inaweza kubaki imefunikwa na umande au tope ukadhani imeharibika. Beba kitambaa, ifute kabla ya kuondoka. Ukungu mwepesi ndani ya taa unaokauka ukiendesha ni wa kawaida. Maji yanayotuama ndani si ya kawaida, hayo yanaenda kuua saketi.

Nauza spea Mwanjelwa. Hizi taa zinatengenezwa na nani, na nikiagiza, zitafungika? (Mwenye duka, Mbeya)

Kaka, unajua tayari kwamba kampuni ya gari mara nyingi haitengenezi taa zake. Majina unayoyasoma kila siku kwenye vioo vya taa za Kijapani, Koito, Stanley na Ichikoh, ndiyo yaleyale hata kwenye magari ya umeme. Koito ipo tangu 1915, na ndiyo iliyotengeneza dimu ya LED ya Lexus LS 600h ya 2007, ya kwanza kwenye gari lililouzwa kwa umma. Ichikoh sasa iko chini ya Valeo ya Ufaransa. Ujerumani kuna Hella, ya tangu 1899, ambayo sasa ni sehemu ya Forvia. Austria kuna ZKW, iliyonunuliwa na LG ya Korea mwaka 2018. Wakorea wenyewe wana Hyundai Mobis na SL, na Wachina wana Xingyu. Nyuma ya hao wapo wanaouza LED zenyewe: Nichia ya Japani, ambako LED ya bluu yenye mwanga mkali ilizaliwa, na ams Osram, ambao wana chipu moja yenye nukta 25,600. Vioo vidogo vya Mercedes ni vya Texas Instruments.

Sasa biashara. Namba iliyochongwa kwenye kioo inakusaidia kupata taa inayoingia kwenye mwili wa gari. Haikuhakikishii kwamba itawaka. Taa ya haloji ilikuwa na nyaya tatu na ukamaliza. Ya matriksi ina kompyuta yake inayozungumza na gari, na nyingi zikishafungwa zinahitaji kusajiliwa kwa mashine ya fundi ndipo zikubaliwe. Mteja akikununulia taa ya kushoto kutoka gari lililopata ajali na halina toleo lilelile, anaweza kupata taa ya onyo kwenye dashibodi na fulu isiyofanya kazi. Kabla hujaagiza, chukua namba ya chesisi, namba ya taa yenyewe na namba ya kile kiboksi cha umeme kilichofungwa chini ya taa. Na LED ndani haibadilishwi kama balbu. Ikifa, mara nyingi ni taa nzima.

Waambie wateja wako pia kuhusu kioo cha mbele. Barabara ya TANZAM, hii yetu ya kwenda Zambia, ina malori yanayorusha mawe, na vioo vinapasuka kila wiki. Kwenye gari hili kamera inashikwa na kioo. Ukibadilisha kioo bila kuilenga upya kamera kwa mashine, kivuli kinaweza kuangukia pembeni ya gari linalokuja badala ya juu yake. Dereva hatajua, maana kwake kila kitu kinang'aa. Anayejua ni yule aliyepofushwa. Ukipata fundi mwenye kifaa cha kulenga kamera, mshike huyo kabla ya kuleta taa hata moja.

Ndugu yangu anataka kunitumia gari la umeme la Marekani. Taa zitanisumbua? (Msomaji wa Tunduma)

Zitasumbua wengine. Dimu haimwagi mwanga sawa pande zote. Inainuka kidogo upande wa pembezoni mwa barabara ili uone waenda kwa miguu. Marekani wanapita kulia, kwa hiyo upande ulioinuka kwetu unaelekea kwa anayekuja. Tena Marekani iliruhusu taa za matriksi Februari 2022 tu, kwa hiyo usitarajie kazi hiyo kwenye gari la kabla ya hapo.

Kwa magari ya Ulaya yenye alama ya E ndani ya duara kwenye kioo cha taa, tafuta mshale mdogo wa kulala karibu na alama hiyo. Ukisimama ukiitazama taa, mshale unaoelekea kulia kwako ni wa nchi zinazopita kushoto kama yetu. Mshale wenye ncha mbili ni wa kote. Pasipo mshale, ni taa ya wanaopita kulia. Baadhi ya magari yana mahali kwenye menyu pa kubadilisha upande; mwulize muuzaji kabla ya kulipa. Ya Japani na Uingereza hayana shida hii.

Noah yangu ina haloji. Nikiweka balbu za LED za dukani, si nitapata mwanga kama wa hayo magari? (Dereva wa abiria, Mbalizi)

Utapata mwanga mwingi mahali pasipotakiwa. Bakuli la taa yako lilichongwa kwa kufuata mahali waya wa balbu ya haloji unapokaa. LED ya dukani haikai palepale, mwanga unatawanyika, na dimu yako inakuwa fulu kwa anayekuja. Nakuomba uziache. Nunua balbu mpya ya haloji yenye wati zilezile, ng'arisha kioo kilichokuwa cha njano, kisha lenga taa.

Kulenga hakuhitaji mashine. Upepo wa matairi uwe sawa, mtu akae kwenye kiti cha dereva, gari lisimame mahali tambarare mita 10 kutoka ukutani. Weka alama ukutani kwa urefu wa katikati ya taa. Washa dimu: mstari wa juu wa mwanga uangukie kama sentimita 10 chini ya alama. Ukiwa umepakia abiria na magunia nyuma, pua ya gari inanyanyuka na mstari unapanda, kwa hiyo jaribu pia likiwa limejaa, na tumia kile kiswichi chenye namba 0 hadi 3 au zaidi karibu na usukani, kama Noah yako inacho, kuushusha tena.